Chuki dhidi ya nyoka na wanaowafuga yagharimu maisha, elimu ndiyo tiba

WAHENGA walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ajabu ni kwamba wengi wanaoshtuka humu nchini hawajawahi kuumwa na nyoka yeyote. Hofu yao waliirithi kutoka kwa wazazi, majirani na masimulizi ya utotoni, nao wanaendelea kuwarithisha watoto wao bila kuichunguza.

Hofu hiyo haimwandami nyoka peke yake. Humwandama pia anayemfuga. Mtu akijulikana kwamba anaweka nyoka, kenge au vinyonga, hata kama ni kwa ajili ya utafiti au kuwafunza wanafunzi, haichukui muda kabla ya minong'ono kuanza. Ataitwa mchawi, atadaiwa kufuga majini, au itasemwa kwamba mali yake imetokana na nyoka anayetapika pesa usiku.

Yamkini msomaji ataona kwamba hayo ni maneno ya kijiweni yasiyo na madhara. La hasha. Dawa inayomwokoa mtu aliyeumwa na nyoka haiwezi kutengenezwa pasipo watu wanaofuga nyoka. Maarifa ya kumtambua nyoka mwenye sumu na asiye nayo hutoka kwa watu hao hao. Jamii inayowachukia wafugaji wa wanyama watambaao hujinyima kinga yake yenyewe.

Chimbuko la hofu

Lugha yetu ni ushahidi wa kwanza. Msaliti huitwa nyoka. Mwanasiasa anayehama vyama huitwa kinyonga. Anayejifanya kuhuzunika husemwa kwamba anatoa machozi ya mamba. Katika msafara wa mamba hatukosi kuambiwa kwamba na kenge wamo. Mjusi mdogo anayeishi ukutani, ambaye kazi yake ni kula mbu na wadudu wengine, tumembandika jina la mjusi kafiri.

Dini nazo zimechangia. Wakristo husoma katika kitabu cha Mwanzo jinsi nyoka alivyomhadaa Hawa. Katika mapokeo ya Kiislamu husimuliwa kwamba mjusi huyo wa ukutani alipuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim. Hata hivyo, vitabu hivyo havina upande mmoja tu. Katika Biblia, Musa aliagizwa kutengeneza nyoka wa shaba ili walioumwa wamtazame na kupona. Nembo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ina picha ya nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, alama ya uganga iliyotoka kwa Wayunani wa kale.

Wataalamu wa saikolojia nao wamejiuliza iwapo binadamu huzaliwa akimwogopa nyoka au hufunzwa. Katika miaka ya 1980, mtafiti Susan Mineka na wenzake nchini Marekani walifanya majaribio kwa kutumia tumbili. Waligundua kwamba tumbili waliolelewa ndani ya maabara, bila kuonana na nyoka, hawakumwogopa. Lakini walipowatazama tumbili waliotoka msituni wakiruka na kupiga kelele mbele ya nyoka, nao walishikwa na hofu hiyo kwa muda mfupi, na hofu ikadumu. Watafiti walipojaribu kuwafanya waogope maua kwa njia iyo hiyo, hawakufaulu.

Funzo ni kwamba akili ina wepesi wa kujifunza kumwogopa nyoka, lakini kwa kiasi kikubwa hofu yenyewe huchochewa na yule tunayemtazama. Mtoto anayemwona mama yake akipiga mayowe kwa sababu ya mjusi amepata somo ambalo hatalisahau kwa urahisi. Na iwapo hofu inafunzwa, basi utulivu pia unaweza kufunzwa.

Si kila mahali walipochukiwa

Ni makosa kudhani kwamba Mwafrika na nyoka ni maadui tangu jadi. Katika eneo la Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, Waluo wamekuwa na simulizi ya chatu mkubwa aitwaye Omieri. Kuonekana kwake huchukuliwa kuwa ishara ya mvua na mavuno mema, na wazee hukataza asidhuriwe. Mwaka 1987 chatu mmoja aliyepewa jina hilo alijeruhiwa kwa moto, akasafirishwa hadi Nairobi kwa matibabu, lakini akafa. Habari za kifo chake zilizua huzuni na mjadala mkubwa. Mwaka 2003 chatu mwingine alipoonekana Nyakach, watu walifurika kumtazama, wengine wakimshangilia na wengine wakidai ni shetani.

Mfano wa pili ni wa Pwani. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyepotezana na kundi lake aliokolewa karibu na Malindi na kupelekwa katika bustani ya Haller, Bamburi, Mombasa. Kiboko huyo, aliyepewa jina la Owen, alimwendea kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aliyeitwa Mzee, akawa anamfuata na kulala kando yake. Picha zao zilienea duniani kote na kitabu cha watoto kikaandikwa kuwahusu. Kobe ni mnyama mtambaazi kama alivyo nyoka, ila hakuna aliyeuliza kama Mzee ni jini. Watu walikuwa wamepewa hadithi iliyowafanya wamtazame kwa jicho lingine.

Hata kinyonga, ambaye wengi hukataa kumgusa wakidhani ana sumu, ametambuliwa kwa heshima kwingineko. Mwaka 2006 wanasayansi walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki, waliita Kinyongia, jina lililochotwa moja kwa moja kutoka Kiswahili. Baadhi ya vinyonga wa kundi hilo wanaishi katika misitu ya milima ya Taita na hawapatikani kwingine ulimwenguni. Hakuna kinyonga mwenye sumu.

Wafugaji ni akina nani?

Tunapozungumzia ufugaji wa wanyama watambaao hapa Kenya, aghalabu hatuzungumzii mtu aliyeficha nyoka chini ya kitanda. Tunazungumzia vituo vinavyojulikana na kutembelewa na umma.

Kituo kikongwe ni bustani ya nyoka iliyo kando ya makavazi ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961. Vizazi vya wanafunzi vimepita pale kutazama chatu, swila, mamba na kobe kupitia vioo na kuta. Makavazi ya Kisumu na ya Kitale pia yana sehemu za nyoka. Huko Mombasa, mashamba ya mamba yamekuwa kivutio cha watalii na wenyeji kwa miongo kadhaa.

Huko Watamu, katika kaunti ya Kilifi, lipo shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe, Sanda. Ashe alikuwa amewahi kusimamia bustani ya nyoka ya Nairobi. Shamba hilo hufuga nyoka, hukamua sumu, huwafunza wanakijiji na wahudumu wa afya, na watu wake huitwa kuwaondoa nyoka walioingia nyumbani badala ya nyoka hao kuuawa. Ashe alifariki mwaka 2004. Mwaka 2007, wanasayansi Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipothibitisha kwamba swila mkubwa mtema mate wa Pwani na maeneo kame ni spishi ya pekee, walimpa jina la kisayansi la Naja ashei kwa heshima yake. Nyoka huyo, ambaye anaweza kuzidi urefu wa mita mbili, alikuwa akiishi karibu na watu miaka yote hiyo bila kutambuliwa. Waliomchunguza kwa makini ni wale wale waliokuwa tayari kumfuga.

Mtaani Karen, Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa nyani, kuna kituo cha utafiti wa maumivu yatokanayo na nyoka ambacho hushirikiana na chuo cha tiba za maradhi ya joto cha Liverpool, Uingereza. Humo nyoka hufugwa ili sumu yao ichunguzwe na dawa zipimwe uwezo wake.

Dawa hutoka kwa nyoka

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Dawa pekee iliyothibitishwa kukabili sumu ya nyoka mwilini hutokana na sumu yenyewe. Mbinu hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1890, na Mfaransa Albert Calmette ni miongoni mwa waasisi wake.

Nyoka hukamuliwa sumu kwa kumfanya aume utando uliofunika mdomo wa chombo. Sumu hiyo hukaushwa, kisha kiasi kidogo mno hudungwa farasi au kondoo, na kipimo huongezwa hatua kwa hatua. Mwili wa mnyama hujenga kingamwili za kupambana na sumu. Baadaye damu hutolewa kwa kiasi kisichomdhuru, kingamwili hutenganishwa na kusafishwa, na hizo ndizo hudungwa mgonjwa hospitalini.

Sumu hazifanani. Sumu ya kifutu, yule nyoka mnene mvivu wa kuondoka njiani, huharibu nyama na kusababisha uvimbe na kuvuja damu. Ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu hadi mgonjwa akashindwa kupumua. Kwa hivyo dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia haiwezi kutegemewa kumtibu aliyeumwa na nyoka wa Afrika. Ni lazima pawe na watu wanaofuga nyoka wa maeneo haya, wakawalisha, wakawatunza na kuwakamua. Anayewaita watu hao wachawi anapaswa kujua kwamba siku mwanawe akiumwa, chupa ya dawa atakayoililia ilianzia mikononi mwa mtu wa aina hiyo.

Gharama ya ujinga

Kwa mujibu wa WHO, watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao, baina ya milioni 1.8 na milioni 2.7 huingiwa na sumu, na wanaofariki hukadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu, ikiwemo kukatwa viungo, ni mara tatu ya idadi hiyo. Waathiriwa wengi ni wakulima, wafugaji na watoto wa mashambani. Juni 2017, WHO ilirejesha madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 ikazindua mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Sehemu ya janga hili ni umaskini na uhaba wa dawa. Sehemu nyingine ni dhana potovu. Anayeamini kwamba nyoka ametumwa na adui hatakimbilia hospitali, atakwenda kwa mganga kumtafuta aliyemtuma. Wengine huchanja jeraha kwa wembe, hufyonza damu kwa mdomo, hufunga kamba kwa nguvu hadi mguu ukafa, au hubandika jiwe jeusi wakitarajia linyonye sumu. Mbinu hizo hazitoi sumu mwilini. Zinachopoteza ni muda, na muda ndio uhai.

Chuki hiyo huwaangamiza pia nyoka wasio na hatia. Kenya ina aina zaidi ya 120 za nyoka, na wenye uwezo wa kumuua binadamu hawafiki robo ya idadi hiyo. Yupo nyoka wa nyumba, wa rangi ya kahawia, ambaye hana sumu na hula panya. Yupo pia nyoka mla mayai, ambaye hana hata meno ya kutisha, ila hujifanya mkali kwa kusugua magamba yake hadi yakatoa sauti. Wote hao hupondwa vichwa kila uchao, na baada ya hapo mkulima hulalamika kwamba panya wamemaliza mahindi ghalani. Panya nao wakizidi, huwavuta kifutu na swila karibu na nyumba.

Elimu ipi hubadilisha moyo?

Si kila elimu huondoa hofu. Kumwambia mtu kwa ukali kwamba anaogopa bure hakumsaidii. Kumrushia nyoka mabegani ili umati ucheke humzidishia woga, na mara nyingi humtesa nyoka.

Mwaka 1969, Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti kuhusu watu waliokuwa na hofu kali ya nyoka. Baadhi yao walionyeshwa filamu za watu wakicheza na nyoka. Wengine walifunzwa kutulia huku wakijenga taswira ya nyoka akilini. Kundi la tatu lilimtazama mtaalamu akimshika nyoka mbele yao, kisha likaongozwa hatua kwa hatua: kusogea, kumgusa kwa glavu, kumgusa kwa mkono mtupu na hatimaye kumshika. Kundi hilo la tatu ndilo lililofaulu zaidi, na karibu wote waliokuwamo waliishinda hofu yao.

Yanayotokana na utafiti huo yanaweza kutumiwa na mwalimu au msimamizi yeyote wa kituo cha nyoka. Kwanza, mtu aone kwa macho yake, si kuambiwa tu. Pili, anayemwonyesha awe mtulivu, kwa kuwa utulivu huambukiza kama ilivyo hofu. Tatu, asilazimishwe, apige hatua kwa kasi yake. Nne, aanze na mnyama asiye na madhara, kama kobe, kinyonga au nyoka wa nyumba, chini ya uangalizi wa mjuzi. Nyoka wenye sumu wabaki nyuma ya kioo.

Tano, na ni muhimu zaidi, elimu isiondoe hadhari. Lengo si kumfanya mtoto amwokote nyoka porini. Lengo ni kumfanya asimame, arudi nyuma polepole na kumwita mkubwa, badala ya kushika rungu. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika nyoka ambaye angejiendea zake.

Viongozi wa dini na wazee wasiachwe nje. Katika kijiji ambako neno la mchungaji, imamu au mzee lina uzito kuliko la daktari, ziara moja ya kiongozi huyo katika kituo cha nyoka yaweza kufanya kazi ambayo mabango mia hayawezi.

Sheria na mipaka yake

Wapo wanaopinga ufugaji huu kwa hoja nzito, na haifai kuwadharau. Nyoka mwenye sumu akitoroka katika mtaa wenye msongamano ni hatari kwa wote. Mfugaji asiye na ujuzi humtesa mnyama kwa njaa na baridi. Isitoshe, kupenda kupita kiasi nako kumedhuru: kobe bapa, anayeishi katika miamba ya maeneo kame ya Kenya na Tanzania, alisombwa kwa wingi kuuzwa ng'ambo kama mnyama wa nyumbani, hadi mwaka 2019 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe wanaotoka porini.

Kwa sababu hizo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuweka mnyamapori bila kibali, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina jukumu la kusimamia jambo hilo. Anayemtetea mfugaji mwenye kibali, vizimba imara na dawa karibu, hamtetei anayeficha swila kwenye ndoo. Kwa hakika, minong'ono na vitisho vya majirani humfanya mfugaji ajifiche, na aliyejificha hakaguliwi na mtu.

Mwananchi afanye nini?

Anayeishi penye nyoka afyeke nyasi karibu na nyumba, aondoe marundo ya mawe na kuni, na kuwadhibiti panya. Usiku atembee na kurunzi na kuvaa viatu. Alale kitandani ikiwezekana, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro, kwani huzuia mbu na nyoka pia.

Akiumwa, atulie, avue pete na vikuku kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitalini haraka. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, wala asipoteze muda kumsaka nyoka. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji safi mengi, kisha aende kwa daktari.

Na jirani akisikia kwamba mtu fulani anafuga nyoka, aulize kwanza: ana kibali? Anafanya nini nao? Je, twaweza kuwaleta watoto wakajifunze? Maswali hayo matatu yana faida kuliko kiberiti na mawe. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, lakini aliye tayari kuijua hufunzwa, na vituo vya kumfunza vipo Nairobi, Kisumu, Kitale na Watamu.